Mbegu Moja Zaidi kwenye Mizani ya Baba

Nilimwambia kaka yangu wazi: ukiigusa mizani ya Baba nakukata mkono. Nilisema mbele ya watu, arubaini ya Baba haijesha, wageni bado na vikombe vya kahawa mikononi, na Mama akanitupia lile jicho lake. Sijali. Kaka alikuwa keshampata mnunuzi, mtu wa vitu vya kale, wale wanaopamba kumbi za wageni kwa zamani za watu wengine. Mie nikalitia sanduku la mizani chini ya buibui, nikatoka nalo mpaka garini. Leo liko mezani kwangu hapa Riyadh. Nilipofunua kifuniko tu ikanipiga harufu: nta ya nyuki, samli kuukuu, na ule ukali mkavu wa baruti ulioingia kwenye mbao ukakataa kutoka. Nikakaa kitako chini kama mtoto. Na wallahi nikawa mtoto, wa miaka minane, Jeddah.

Wenzangu mliokulia kule mnaikumbuka Jeddah ile. Meli zimejipanga baharini kama watu kwenye foleni ya mkate, hazina pa kushusha, mpaka saruji ikawa inabebwa na helikopta. Kila uchochoro una shimo, kila shimo lina winchi, na kila mtu ana haraka utadhani utajiri wenyewe unafunga saa kumi. Sisi tulikaa mji wa zamani, juu ya kijiduka cha Baba, ngazi zimepinda, dirisha la mbao linatazama soko la dhahabu. Baba alikuwa sonara. Kazi kajifunza Unguja kwa Muhindi mmoja mwenye roho ya peke yake, na walipokimbia Mapinduzi, Baba na Mama, yeye alichobeba ni mizani ile na kijaluba cha mbegu. Vile vimbegu vyekundu vyenye jicho jeusi, mnavijua, masonara wa kwetu walikuwa wakipimia dhahabu. Baba alivichagua kimoja kimoja mpaka vyote vikawa na uzito mmoja. Mama alitukataza kuvitia mdomoni, kwamba ni sumu. Alitukataza na kuviazima kwa kucheza kete, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

Kafili wetu, yaani yule raia aliyetudhamini nchini, alikuwa mzee wa Riyadh akiitwa Abu Nasir. Ikama zetu zote, karatasi za kukaa, zilikuwa kwa jina lake. Kazaliwa kwenye nyumba ya udongo Manfuha, kachunga mbuzi wa watu, na mafuta yalipoanza kuitajirisha nchi akanunua lori moja la kubeba mchanga, likazaa malori. Mdomoni alikuwa na meno matatu. Alinipenda kwa sababu mara ya kwanza aliponipapasa kichwa nilimwambia aondoe mkono, nywele zimesukwa jana. Akaniita Filfil, pilipili, na jina likanigandia.

Sasa mzee huyu alikuwa na bastola. Si bastola ya hivi hivi. Bastola ya duara la matundu sita, nzito kama pasi ya mkaa, aliyopewa na Mmarekani mmoja wa visima vya mafuta. Abu Nasir alimkuta amekwama mchangani, gari imezama, maji yamekwisha, akamtoa. Mmarekani alipomaliza mkataba wake akaja kuaga na ile bastola, kopo la maganda matupu ya risasi, na kijitabu cha kuonesha namna ya kuyajaza upya. Basi mzee aliipenda kama mtoto wa uzeeni. Risasi alizopewa nayo zikamwishia, na madukani, Jeddah wala Riyadh, ukitaja kipimo kile jibu ni moja: mafi. Hakuna.

Akaja dukani kwetu, akaiweka juu ya meza ya dhahabu.

"Sonara," akamwambia Baba, "wewe unatengeneza pete ikaingia kidole cha bibi harusi ambaye hujamuona. Utashindwa kutengeneza kitu kikaingia tundu hili ninalokuonesha?"

Baba akavaa miwani, akaangalia tundu. Angesema hapana, maisha yetu yangekuwa mengine. Lakini mwambie sonara kwamba kitu ni kidogo na kinataka uangalifu, umeshampata.

Ikaanza miezi mizuri kuliko yote ya utoto wangu. Kwenye paa Baba aliweka jiko na kijichungu, akayeyusha vile vipande vya kusawazishia magurudumu ya gari alivyokuwa akipewa na mafundi wa matairi. Madini ikitoka pale ni nyeupe inang'aa, inatetemeka kama maziwa, akaimimina kwenye kalibu, akagonga, kikadondoka kitu kifupi, kinene, butu. Kizito! Ukikitia kiganjani mkono unashuka wenyewe. Mie nilivitazama, nikamfikiria Abu Nasir na mapengo yake, nikajua. Baba anamtengenezea mzee meno ya fedha. Nikawatangazia watoto wote wa uchochoroni. Na mzee alipokuja nikamwambia kwa furaha, "Ammi, magego yako tayari, bado ya mbele." Abu Nasir alimwangalia Baba. Baba aliangalia dari. Halafu mzee akacheka mpaka yale matatu yote yakaonekana.

Nikaambiwa ukweli, na ukweli ukanoga zaidi. Kila kichwa cha risasi kilipakwa nta iliyochanganywa na samli, kiteleze vizuri. Samli ya nani? Ya Mama.

"Sheikh Salum!" Mama akipiga kelele kutoka jikoni, "Samli ya kupikia biriani unaipaka chuma?"

"Kidogo tu, mke wangu."

"Basi na hiyo risasi iniletee nyama!"

Maganda matupu yakasafishwa kwa ndimu na majivu mpaka yakawaka kama bangili. Hiyo kazi yangu. Baba mwenyewe alitia vifataki vipya vya kuwashia vitakoni, akipumua polepole, na kwake hapo hakuna mtu kusema. Halafu ikaja baruti, na baruti ndiyo ilikuwa kazi yetu sote wawili. Sahani moja ya mizani mie naweka mbegu, nahesabu kwa sauti, kwa kuwa macho yangu yalikuwa mapya. Sahani ya pili yeye anadondosha baruti kwa kijiko cha chumvi mpaka ulimi wa mizani usimame katikati. Idadi ya mbegu siitaji hapa. Baba aliniapisha, na kufa kwake hakujanifungulia kiapo.

"Kwa nini tusijaze ganda zima?" nilimuuliza siku ya kwanza. "Nafasi bado ipo."

"Kichwa kizito hakitaki kusukumwa kwa nguvu," akanambia. "Kinataka kusukumwa kwa adabu. Kikienda polepole kinafika, na kikifika kimefika."

Nikaona maneno ya kizee hayo.

Kijitabu cha Mmarekani kilikaa kando ya mizani. Baba alikijua, kasoma Kiingereza cha skuli ya Unguja. Mie sikujua, lakini nilikikodolea macho kila siku mpaka herufi zikaanza kunisemesha, na Kiingereza changu cha mwanzo nilijifunza mwenyewe pale, kwa maneno ya baruti. Kulikuwa na ukurasa wa vichwa vizito. Mistari ya tarakimu inashuka, na mkabala wa mstari wa mwisho pamechorwa fuvu la mtu na mifupa miwili. Baba kila mara alisimama mistari kadhaa kabla. Nikaelewa mwenyewe, bila ya kumuuliza mtu: lile fuvu ni ahadi. Huo mstari ndio wa mabingwa, unaua kweli kweli, na Baba, masikini, anabania baruti ya watu.

Ningeishia kuwaza tu. Lakini akaja Turki.

Turki alikuwa mtoto wa ndugu yake Abu Nasir, kijana wa manukato na gari jipya, na alitaka mambo yote ya wafanyakazi wa mzee yawe mkononi mwake. Alikuja dukani siku moja na ami yake, akaichukua risasi iliyokwisha, akainusa.

"Inanuka biriani," akasema. "Ami, mara ile ulipojaribu za mwanzo nilisikia. Bastola yako inakohoa kama mbuzi mwenye mafua. Mtu huyu ni wa vipini vya pua. Mrudishe kwao, tulete fundi."

"Kwao wapi?" Baba akauliza kwa upole, na upole wake ule ndio ulionichoma.

Abu Nasir akasema halas, maneno yamekwisha. Baada ya Idi, wazee wa ukoo wakikutana jangwani nje ya Riyadh, atapiga sita mbele yao. Zikienda zote sita, Salum ni mtu wake mpaka kaburini na mtu asimguse. Ikishindwa hata moja, Turki achukue mambo ya wafanyakazi, na afanye aonavyo. Aonavyo maana yake tuliijua: turudishwe. Ikama yetu ilikuwa inakwisha miezi miwili mbele.

Usiniulize kama nilifikiri. Sikufikiri. Mtu kamdharau baba yangu mbele yangu, kwa nini nifikiri? Asubuhi tulipokaa kujaza risasi za safari, nilihesabu mbegu kwa sauti kama kawaida, na mkono wangu ukadondosha moja zaidi kimyakimya. Iangalie mizani inavyodanganyika: Baba akaongeza baruti mpaka ulimi ukasimama, akaridhika, na kwa sahani ileile ya mbegu akapima baruti ya ganda la kwanza mpaka la mwisho. Tulipomaliza nikaitoa ile mbegu nikaifunga kwenye pembe ya mtandio wangu. Siku ile nilikula wali sahani mbili. Nilikuwa nimemwokoa baba yangu, na yeye hana habari.

Safari yenyewe ilikuwa karamu. Mama kapika mikate ya kumimina ya kulisha kikosi, kaka kaachwa kwa jirani, mie katikati ya kiti cha pikapu, Baba na sanduku la mizani mapajani. Sonara hasafiri bila ya mizani yake. Riyadh tuliikuta ni vumbi na winchi kama Jeddah, ila bila ya bahari ya kukuondolea hasira. Tukafikia Manfuha, kwenye ile nyumba ya udongo ya Abu Nasir. Alikuwa na jumba jipya la marumaru upande wa pili wa mji, lakini wageni anaowapenda aliwaweka pale. Mama akabaki na wanawake, wakaanza kubishana juu ya hiliki ndani ya dakika tano. Mie nikapanda gari na wanaume, kwa sababu Abu Nasir alisema Filfil asiachwe.

Jangwani mchanga ulikuwa mwekundu kama ungo wa pilipili ya kusaga. Mazulia yametandikwa, kahawa inazunguka, wazee kumi na kitu na ndevu zao. Mbali, chini ya kilima, wamesimamisha pipa la mafuta lililojazwa maji. Baada ya alasiri Abu Nasir akakaa mbele, akaanza kutia risasi kwenye matundu, moja, ya pili, akizibusu kidogo kila anapozitia.

Turki yeye kakiokota kijitabu kando ya sanduku la Baba, anapekua apate la kuchekea.

"Na hili fuvu, sonara? Ndiyo sura ya adui?"

"Hilo si la adui," Baba akasema, anafuta miwani. "Hilo ni la mwenye kushika. Baruti ikifika mstari ule, bastola inaweza kupasuka mkononi. Ndiyo maana siukaribii."

Sijui kama nilisimama au niliruka. Najua nilipiga ukelele hata ngamia wa watu wa mbali wakasimamisha shingo, nikajikuta nimeng'ang'ania mkono wa Abu Nasir kwa mikono yangu yote miwili, na risasi ya tatu imeanguka mchangani.

"Usipige! Ammi usipige! Nimezidisha! Mie nimezidisha!"

Nasikia mpaka dele la kahawa linachemka.

Baba akaja, akapiga magoti mbele yangu. Hakupandisha sauti. "Ngapi?"

"Moja."

"Kwenye ngapi?"

"Zote, Baba."

Akaichukua bastola kutoka kwa mzee kwa adabu, kama unavyompokea mtu mtoto mchanga, akazitoa zile mbili. Akazifumba kiganjani. Akasimama mbele ya wazee.

"Mizani ni yangu," akasema. "Kosa ni langu."

"Si niliwaambia?" Turki akapiga makofi. "Si niliwaambia, jamaa?"

Hapo nikamtupia kokwa ya tende. Ilimpata puani. Siombi radhi mpaka leo.

"Filfil!" Abu Nasir akanguruma. "Njoo hapa. Kwa nini ulizidisha?"

"Kwa sababu yeye kasema bastola yako inakohoa kama mbuzi mwenye mafua! Na kasema Baba arudi kwao, na Baba hana kwao, kwao ni dukani kwetu! Nikataka ipige kelele imzibe mdomo!"

Mzee mmoja akaanza kucheka, kwa pua. Wa pili akafuata. Mwisho zulia zima linacheka, Abu Nasir kilemba kimemtoka, anajipangusa machozi kwa kiganja. Alipopata pumzi akamgeukia Baba, na sasa hacheki.

"Sonara. Mkono huu umebaki nami kwa sababu binti yako anasema kweli hata ikimuumbua. Mizani yako iko wapi?"

"Nnayo."

"Nilisema sita. Bado nataka sita. Yalla, tuanze."

Baba akakaa kwenye zulia, akafungua sanduku. Akavitoa vichwa kwa koleo, taratibu, akamwaga baruti yote kwenye karatasi. Lakini jangwa lina upepo, na mizani ya sonara hata pumzi ya mtu inaisumbua. Ulimi ukawa unacheza huku na huku, haukubali kutulia. Baba akajaribu kuukinga upepo kwa mwili wake, akajaribu kwa sanduku. Haukukubali.

Abu Nasir akavua joho lake. Akachuchumaa, akalikunjua kwa mikono miwili kama anayezuia kuku. Mzee wa pembeni akavua lake. Halafu wengine wote, watu wenye malori na mashamba ya mitende, wamechuchumaa duara kwenye mchanga, majoho ya darizi yamegusana, magoti yanalia, wamejenga ukuta kuizunguka mizani ya baba yangu. Pembe moja ikabaki wazi.

"Turki," Abu Nasir akasema.

Turki akaja akashika.

Ndani ya ukuta ule palikuwa na kivuli cha kahawia, na harufu ya udi na jasho la wazee. "Hesabu," Baba akanambia. Mie. Baada ya yote yale, mie. Nikahesabu, na wale wazee, hawajui Kiswahili hata neno, wakawa wanazifuata namba zangu kwa midomo: moja, mbili, tatu. Nilipofika kwenye idadi yetu nikafungua viganja vyote viwili aone havina kitu. Ulimi ukasimama. Hakuna aliyepumua. Mara sita tulifanya hivyo.

Abu Nasir akasimama, akapiga.

Haikukohoa. Ilikuwa sauti nene, ya chini, ilikuja ikanigusa kifuani na ikaenda zake bila haraka. Pipa likatoboka mbele na nyuma kwa mara moja, maji yakaruka pande mbili. Ya pili. Ya tatu, wazee wanahesabu sasa kwa Kiswahili, wallahi, "nne!" "tano!", na ya sita pipa likainama, likafikiri kidogo, likalala. Abu Nasir akaanza kucheza ngoma ya panga na bastola, wazee wakamfuata, na baba yangu, mtu aliyekuwa akipita uchochoroni kama anaomba radhi kwa kivuli chake, wakamtia katikati wakamshika mikono. Nikamuona anacheka mdomo wazi. Sikuwa nimewahi kuyaona magego ya Baba.

"Mtu wangu huyu," Abu Nasir akamwambia Turki mbele ya wote. "Mpaka kaburini. Halas."

Na ikawa hivyo. Ikama ilikuja, na ya baada yake, na ya baada yake.

Jioni, kabla hatujapanda gari, Baba akaninyooshea kiganja. Nikafungua pembe ya mtandio, nikampa ile mbegu. Nilidhani ataitupa mchangani, au atairudisha kijalubani na wenzake. Sandukuni pana kijidroo chembamba, cha kuwekea vito vya watu visichanganyike. Akaitia humo, akafunga.

"Hii ikae peke yake," akanambia. "Na wewe wiki mbili huigusi mizani."

Wiki mbili zile ndefu kuliko mkataba wa mtu yeyote.

Basi nilikuwa nimekaa chini hapa, siku ile nimelileta sanduku, na kile kijidroo nakiogopa. Nikakivuta kwa ukucha. Imo. Nyekundu vilevile, jicho jeusi, inanitazama. Baba kahama duka mara tatu, kapima dhahabu ya mabibi harusi wa mji mzima, na hakuichanganya.

Kaka kapiga simu jana, keshapoa, anataka kujua. "Hebu nambie, ndani mna dhahabu?"

"Mna mbegu moja."

"Mbegu? Ndiyo ulotaka kunikatia mkono?"

"Naam," nikamwambia. "Na bado nitakukata."